Allidina Visram na mzigo wa kurudi



Kwa watu wengi wa Mombasa, Allidina ni jina la shule. Kijana wa jirani yangu hapa Miritini asoma huko, na kila alfajiri hupita mlangoni kwangu mbio, aiwahi matatu kabla foleni ya matrela haijaifunga barabara. Juzi nilimuuliza kama amjua huyo Allidina alikuwa nani. Akafikiri kidogo, akaniambia pengine alikuwa gavana wa wakati wa Mwingereza. Sikumcheka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaota ndevu kabla sijamjua, na sikufunzwa na mwalimu wa historia. Nilikutana naye nikisomea diploma ya usafirishaji wa mizigo, katika mistari miwili ya kitabu. Mwandishi alimtaja akapita zake. Baadaye nilipokwenda Treasury Square kulipa ada ya karatasi fulani, nikainua macho nikaiona sanamu ambayo nimeipita tangu utotoni, nikagundua kuwa ni yeye.

Leo nataka kueleza maisha yake, na sababu yangu si ya historia peke yake. Sisi wa Miritini, Jomvu na Changamwe twala kwa mzigo. Anayeendesha trela, utingo wake, fundi wa pancha, mama wa mahamri na mbaazi pale kando ya barabara, mlinzi wa yadi, ajenti wa kutoa mizigo bandarini, wote wala kwa sababu bidhaa hushuka kwenye chombo kimoja hapa na kupanda chengine. Njia ya mzigo ikihama, maisha yetu nayo yahama. Allidina Visram aliishi wakati ambapo njia ya mzigo ilihama vibaya kuliko ilivyowahi kuhama pwani hii, na yeye ni katika wachache waliohama nayo.

Alizaliwa mwaka 1851 hivi katika kijiji cha Kera, Kutch, upande wa magharibi wa Bara Hindi. Alikuwa Khoja Ismailia. Kwao hakukuwa na mali, na kama vijana wengi wa Kutch alitazama baharini. Mwaka 1863, akiwa na miaka kumi na miwili, alivuka na kufika pwani ya Afrika Mashariki, akaingia kazini Bagamoyo katika nyumba ya biashara ya ukoo wa Sewa Haji Paroo. Miaka kumi na miwili! Wa kwetu wa umri huo twawanyima hata ruhusa ya kuvuka barabara kuu peke yao.

Bagamoyo ya wakati huo ndiyo iliyokuwa Kilindini ya misafara. Bidhaa zilitoka Bombay na Marekani zikapitia Unguja, zikavushwa kwa jahazi hadi Bagamoyo, na kutoka hapo zikapanda mabegani mwa watu. Njia kubwa ilikwenda Tabora, kisha Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, safari ya kilomita zaidi ya 1,200. Mpagazi mmoja, wengi wao Wanyamwezi, alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na kitu. Hebu tupige hesabu ya hapa kwetu. Kontena la futi ishirini likiwa na tani 20 ndani, lile ambalo dereva mmoja na utingo wake huliondoa yadini kabla ya adhuhuri, lingetaka wapagazi zaidi ya 600. Na hao 600 wala kila siku. Kila mmoja apewa posho, na njia ikizidi kuwa ndefu, posho nayo yazidi kuwa mzigo. Kila nchi waliyopita, mtawala wake alidai hongo. Neno hilo zamani lilikuwa na heshima zake, lilikuwa ushuru wa njia. Sijui liliharibikia wapi.

Kijana Allidina alijifunza kazi humo, na kazi yenyewe ilikuwa zaidi ya kufunga marobota. Ilimbidi mfanyabiashara ajue kuwa nchi moja yataka merikani, nyengine yataka kaniki, kwamba waya wa shaba wauzika huku na huko hauna mwenyewe. Shanga ndizo zilizokuwa na taabu zaidi. Kila kabila lilikuwa na rangi na ukubwa wake, na mitindo ilibadilika kama mitindo ya madera ya kina mama wa leo. Mtu aliyepeleka shanga za mwaka jana mahali zilipokwisha kuchujuka alikuwa ameulipa msafara mzima kubeba takataka, na habari kwamba hazitakiwi zilimfikia Bagamoyo baada ya miezi. Kwa hiyo mwenye habari mpya kutoka bara alikuwa na mali kubwa kuliko mwenye ghala lililojaa.

Hapo ndipo naliona jambo lake la kwanza la akili. Alifungua matawi ya biashara ndani ya bara, Tabora na Ujiji miongoni mwake, badala ya kutuma msafara na kungoja majaliwa. Tawi ni ghala, lakini pia ni jicho na sikio. Aliyekaa Tabora aona kinachonunuliwa na kinacholala, aandika barua, na robota linalofuata lafungwa kwa mujibu wa barua hiyo. Pia mzigo haukuwa na haja tena ya kusafiri wote kwa pumzi moja kutoka bahari hadi ziwani. Huo ndio mtindo ambao darasani tulifundishwa kwa jina la Kijapani, kaizen, tukaonyeshwa picha za viwanda vya magari: tazama kazi yako kila siku, ona inapovuja, ziba kidogo, kisha tazama tena. Mhindi wa Kutch aliufanya Tabora bila ya kuwa na jina lake.

Mwaka 1897 Sewa Haji alifariki. Alikuwa mtu mkubwa, mwajiri wa wapagazi na mtayarishaji wa misafara ya Wazungu waliokwenda bara, na aliacha wakfu wa hospitali na shule ambazo Watanzania bado wamkumbuka kwazo. Biashara ile Allidina akaiendeleza mikononi mwake. Angeweza kukaa hapo. Alikuwa na miaka arubaini na sita hivi, ana majina, ana mikopo Bombay, ana wateja, na njia ya Bagamoyo ilikuwa imemlisha tangu hajabaleghe. Wengi wa rika lake walikaa. Lakini Bagamoyo ilikuwa imeanza kukauka. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuhamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, kwa sababu bandari yake ni ya kina na Bagamoyo ni ufuo wa kuvutia ngalawa. Baadaye wakaanza kujenga reli kutoka hukohuko Dar es Salaam, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mtu akienda Bagamoyo leo aoneshwa caravanserai, milango ya nakshi na makaburi. Mji ulioishi kwa kupakia watu mizigo ulikosa mizigo ya kupakia.

Upande wetu, Waingereza walianza reli ya Uganda mwaka 1896 kutoka Kilindini. Ikavuka Makupa, ikapanda Changamwe, ikapita hapa Miritini kuelekea Mazeras kabla ya mwaka huo kwisha. Wazee wetu walikuwa hapahapa na minazi yao na mihogo yao wakitazama vyuma vikipita. Serikali ilileta wafanyakazi karibu 32,000 kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Simba wa Tsavo, ambao kila mtalii ajua habari zao, ni sehemu ndogo sana ya hesabu hiyo. Malaria, kuhara na ajali ndizo zilizoua. Bara kulikuwa na ukame na njaa kali mwaka 1898 na 1899, hivyo chakula hakikuweza kununuliwa njiani. Mchele, unga, dengu na samli vilitoka ng'ambo, vikapakiwa kwenye mabehewa na kufuata mwisho wa reli popote ulipofika.

Allidina akaja Mombasa. Aliifuata reli kituo kwa kituo akifungua maduka kandokando yake, mabati manne na mlango, na wafanyakazi wakanunua humo chakula na nguo. Reli ikisogea, duka jipya lafunguliwa mbele, na la nyuma labaki kuwahudumia wenyeji wa pale. Miji mingi midogo ya njia ya reli ilianza hivyo, kituo na duka la Mhindi. Mwenyewe alifanya jambo jengine ambalo lataka moyo: kabla ya reli kufika ziwani, tayari alikuwa na duka Kampala. Bidhaa zake za mwanzo huko zilifika kwa mabega ya watu kama kawaida. Alitangulia kukaa mahali ambapo alijua njia itakuja. Tarehe 20 Desemba 1901 chuma kikagusa maji ya ziwa pale palipoitwa Port Florence, yaani Kisumu ya leo, na kumbe yeye ana wateja ng'ambo ya pili tayari, wanaomjua na kumwamini.

Kutoka Kisumu bidhaa ziliteremka kwenye behewa na kupanda chomboni. Serikali ilikuwa na meli zake ziwani, naye alikuwa na vyombo vyake mwenyewe, na nchi kavu alikuwa na magari ya kukokotwa. Jinja, Entebbe, kisha Uganda yote hadi mipaka ya Kongo na Sudan ya kusini, kulikuwa na duka lenye jina lake au la mtu aliyefunzwa naye. Wasimamizi aliwatoa kwao Gujarat, vijana wengi wao, na alipoona fulani ameiva alimpa bidhaa kwa mkopo akafungue lake. Kwa hiyo alijitengenezea washindani, lakini washindani wanaonunua jumla kwake. Sijui kama huo ni ukarimu au ujanja. Nadhani ni vyote viwili.

Ilikuwa pia kama benki. Katika sehemu ambazo hakukuwa na benki ndani ya mwendo wa wiki kadhaa, ofisa wa serikali au mmishonari alimpa Allidina hundi akapata rupia mkononi, na karatasi yenye sahihi yake ilikubalika mbali na bahari. Mzigo hauendi bila ya fedha kwenda upande wa pili. Mtu wa Bombay amempa vitambaa kwa ahadi ya kulipwa baada ya miezi, naye amempa mwenye duka wa Jinja kwa ahadi, na mwenye duka amempa mkulima kwa ahadi. Mmoja akikwama wote wakwama. Kazi yake kubwa ilikuwa kuhakikisha kuwa ahadi hizo zasafiri upesi kuliko mzigo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Zamani ya misafara, safari ilikuwa na kwenda na kurudi. Vitambaa vyapanda, pembe za ndovu zashuka. Pembe ni nyepesi kwa thamani yake, na mpagazi aliyepanda na shanga aweza kuteremka na pembe. Allidina alipata mali nyingi sana kwa pembe. Lakini ndovu hao walikuwa wakiisha, na reli haiwezi kuishi kwa pembe. Treni ni mdomo mkubwa. Reli ya Uganda ilipokamilika, ilipanda ikiwa imebeba vyuma, nguo, chumvi na mahitaji ya Wazungu, na ikateremka Mombasa na mabehewa matupu, kwa kuwa bara hakukuwa na cha kutosha cha kupeleka ng'ambo. Hasara ya behewa tupu haimwachi mtu: aliyeleta chumvi Kampala alilipia na safari ya kurudi ya hewa.

Wakubwa wa serikali waliliona hilo katika vitabu vya hesabu. Allidina aliliona katika maduka yake. Mteja wa Uganda alitaka kitambaa lakini hakuwa na rupia, na asipouza chochote hatakuwa nayo. Basi maduka yake yakaanza kupokea kile mtu alicho nacho: ngozi, ufuta, njugu, pilipili, chochote chenye soko Mombasa au Bombay. Duka moja likawa na milango miwili, wa kuuzia na wa kununulia. Kilichonunuliwa kikakusanywa, kikateremshwa ziwani, kikapanda behewa lililokuwa lirudi tupu. Mkulima akapata rupia yake, akanunua kitambaa palepale. Mzigo wa kurudi ukamzalia mzigo wa kwenda.

Pamba iliingizwa Uganda kama zao la biashara mwaka 1903, na hapo aliona nafasi kubwa kuliko zote. Pamba ikitoka shambani, theluthi mbili ya uzito wake ni mbegu. Mtu akiisafirisha hivyo hadi baharini, katika kila behewa tatu amelipia mawili ya mbegu. Akajenga viwanda vya kuchambulia pamba hukohuko Uganda, karibu na wakulima. Mbegu ikabaki nyuma, nyuzi zikashindiliwa marobota, na behewa moja likafanya kazi ya matatu. Kabla ya vita kuu ya kwanza, pamba ilikuwa imekuwa zao kuu la Uganda la kuuzwa nje. Aliweka pesa pia katika kukamua mafuta, mbao, soda na mambo mengine, mengine yakafaulu na mengine yakamtia hasara. Jambo ninaloliona ni kwamba kila alichojenga kilikaa mahali ambapo mzigo ulikuwa wataka kupunguzwa uzito au kungojwa au kubadilishwa chombo.

Nikisema haya nakumbuka ya kwetu. Reli ya SGR ilizinduliwa Mei 2017, na stesheni yake kubwa ya abiria ikasimama hapa Miritini, sisi tukipigwa picha nayo kama arusi. Mwaka uliofuata treni za mizigo zikaanza. Mwaka 2019 ikaja amri kuwa makontena ya bara yote yapande treni, na mayadi ya huku yakaanza kuwa na mwangwi. Watu waliandamana mjini kila Jumatatu. Mimi nilikuwa karani katika yadi moja ambayo sitaitaja. Tulikuwa wengi, tukapunguzwa, na bosi mwenyewe alilia akitupa barua. Fundi wa pancha aliyekuwa pale langoni alirudi kwao Kaloleni. Mwezi Septemba 2022 amri ile ikaondolewa, kazi zikarudi kiasi, lakini anayedhani kuwa limekwisha amekosea. Njia itahama tena. Barabara ya Dongo Kundu imefunguka, na bandari za jirani hazikulala.

Katika mabaraza yote niliyokaa miaka ile, tukinywa kahawa chungu, tulibishana kuhusu nani achukue mzigo wa kupanda: treni au trela. Sikumbuki hata siku moja tulipobishana kuhusu wa kurudi. Na hebu simama pale juu ya daraja la Miritini utazame: makontena mangapi yateremka kuja Kilindini yakiwa matupu? Mengi mno. Chai, kahawa na maparachichi vyateremka, ni kweli, lakini haviwezi kujaza kile kilichopanda. Miaka mia na ishirini na kitu baadaye bado twalipia hewa, na gharama hiyo imo ndani ya bei ya sukari ya Kampala na ya simiti ya Nairobi. Vijana wa Miritini wamejua kubeba, kufunga, kushona turubai na kuandika karatasi. Kukusanya, kuchambua na kufungasha kile kinachoshuka, korosho ya Kilifi, maembe, nazi, ngozi, nani huku ana yadi ya hayo?

Lakini nisimpambe mtu kuliko alivyokuwa. Biashara ya pembe iliangamiza ndovu, na misafara ya zama zile ilichanganyika na utumwa kwa namna ambayo hakuna mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyeweza kunawa mikono yote miwili. Reli ilipofika, wapagazi wa pwani na wa bara walikosa kazi yao, na sijaona mahali popote ambapo yeye au serikali walikaa wakafikiria watakula nini. Wengine walikwenda kuchimba tuta la reli, wengine walirudi kulima. Wanyamwezi waliobeba zile frasila mbili za merikani na shanga ndio waliomfanya kuwa alivyokuwa, na majina yao hayako kwenye sanamu. Mkulima wa pamba naye alipangiwa bei na watu wenye mizani. Mtu mmoja akiwa na duka, ghala, chombo, kiwanda na mkopo, anayemuuzia hana pa kwenda kwengine. Hilo pia ni sehemu ya habari yake, na tukitaka kumwiga tuliige na macho wazi.

Kwa upande wa mwenendo, sifa yake kwa waliofanya naye kazi ilikuwa nzuri. Alitoa sana: hospitali, shule, nyumba za ibada, na hakuwabagua wasiokuwa wa dini yake. Hakuwa msomi. Alikuwa mtu wa kusafiri, na hata alipokuwa na mali ya kumwezesha kukaa barazani akatumiwa hesabu, aliendelea kuzunguka kukagua maduka kwa macho yake mwenyewe. Mtu aliyejenga biashara juu ya barua zinazotoka bara hakuziamini barua peke yake.

Tabia hiyo ndiyo iliyomuua. Mwaka 1914 vita vilifunga mpaka wa Wajerumani na Waingereza, na yeye alikuwa na historia na mali pande zote mbili. Njia ya Tabora na Ujiji, ile ya ujana wake, ikawa njia ya majeshi. Wapagazi wakachukuliwa tena, safari hii kubeba risasi, wakafa kwa maelfu kwa maelfu. Kariakoo ya Dar es Salaam yabeba jina la kikosi chao mpaka leo. Katikati ya hayo, mwaka 1916, akiwa mzee wa miaka sitini na tano hivi, Allidina alisafiri Kongo kwa biashara. Akashikwa na homa, na homa hiyo haikumwacha. Akafariki mwaka huohuo, Juni 30. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Baada yake, mwanawe Abdulrasul aliirithi kazi. Alirithi maduka, viwanda, vyombo na vitabu vya madeni, lakini ramani ya nani aaminiwe kwa kiasi gani ilikuwa kichwani mwa baba, na kichwa hicho kimezikwa. Vita vilipokwisha bei ya pamba ilipanda kisha ikaporomoka, rupia ikafutwa mwaka 1920 na fedha mpya ikaingia, na waliokuwa wakidaiwa wakashindwa kulipa. Abdulrasul naye hakuishi sana. Alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1920, na katika muda mfupi nyumba ile ya biashara iliyotoka baharini hadi Kongo ikavunjika vipande. Vijana wa zamani wa maduka, wale washindani wake wa kujitengenezea, ndio waliookota vipande hivyo, na baadhi yao wakawa matajiri wakubwa.

Kabla ya kufariki, Abdulrasul alikuwa ametoa fedha za kujengea shule Mombasa kwa kumbukumbu ya baba yake. Hiyo ndiyo Allidina Visram High School. Mwanzoni ilikuwa ya watoto wa Kihindi, siku hizi ni ya yeyote aliyefaulu. Kijana wa jirani yangu yuko kidato cha pili, na aniambia katika somo la biashara wameanza mlango wa usafirishaji. Nimempa hesabu ya wapagazi na kontena aende akamuulize mwalimu wake. Bado sijapata jibu. Foleni ya leo ilikuwa mbaya, na hajarudi.